Kibanda cha Namba Arobaini na Moja

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa nasema "kompyuta," na wengi hutosheka hapo. Wachache wasiotosheka huniletea simu zilizoingia maji. Niliwahi kukausha simu ya padri kwa mchele, ikapona, na tangu siku hiyo nimeacha kujieleza.

Ukweli ni kwamba natengeneza programu inayoidanganya kompyuta. Unachukua mashine moja, unaigawa ndani kwa ndani ziwe nyingi, na kila moja inajiona iko peke yake duniani, ina kumbukumbu yake na diski yake. Wenye lugha ya vitabuni huziita mashine pepe. Programu yetu ni huria: msimbo wake uko wazi, mtu yeyote auchukue, ausome na aukosoe, na watu hukosoa kweli, hasa bwana mmoja wa nchi ya baridi ambaye ndiye huamua msimbo upi uingie, na sijawahi kumwona uso. Tumeitengeneza kwa ajili ya watafiti wenye hesabu kubwa, zile ambazo kompyuta ya mezani ingezifanya mpaka izeeke. Mtafiti anaipanga kazi yake mara moja ndani ya mashine pepe, halafu anaihamisha vilevile ilivyo hadi kwenye kompyuta nyingi zilizounganishwa, bila kuanza upya.

Sehemu yangu ilikuwa ndogo: kuziamsha. Mashine pepe mia mbili zinatakiwa ziamke, zijuane, zijipange, ndipo kazi ianze. Niliiandika nikiwa Mamboleo, pembeni mwa Kisumu, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, jirani na fundi wa kuchomelea mageti. Kila akiwasha mtambo wake, taa yangu inafifia. Tumegombana mara nyingi, tukapatana mara nyingi zaidi, kwa sababu ndiye mwenye jiko la chai.

Aliyenitia haraka ni daktari mmoja wa mambo ya ziwa, mama wa hapahapa Kisumu, Mwislamu wa familia iliyochanganya damu za pwani na za bara mpaka wenyewe hawajui waseme wametoka wapi. Kiswahili chake kimenyooka. Changu kinatembea kimeshikana mkono na Kijaluo. Siku ya kwanza aliniita "fundi," mimi nikamwita "Daktari," ikabaki hivyo.

Alichokuwa anatafuta ni siku ya hatari. Chini kabisa ya ziwa kuna maji yasiyo na hewa, na upepo ukigeuka kwa namna fulani, maji hayo hupanda juu. Yakipanda, samaki wanakufa. Walio huru wengine hukimbia. Wanaofugwa katika vizimba vya nyavu hawana pa kukimbilia, na asubuhi mwenye kizimba anakuta matumbo meupe yameelea kila mahali.

Mwaka uliotangulia, kikundi cha akina mama wafugaji katika ufukwe mmoja nje ya mji kilimuuliza: tuvune sasa, au tungoje samaki waongeze uzito? Aliangalia hesabu yake, iliyofanywa kwa kompyuta ndogo, akawaambia wangoje. Wakangoja. Siku ya nne samaki wa vizimba vyote walikuwa wamekufa. Hawakumtukana. Mwenyekiti wao alimwambia, "Asante, Daktari," na hakumpigia simu tena. Habari hiyo alinisimulia mara moja tu, akiangalia dirishani, na nikaelewa kwamba hajakanyaga ufukwe ule tangu wakati huo.

Sasa alikuwa amepewa siku kumi kwenye kompyuta kubwa za chuo kikuu kimoja Nairobi. Siku kumi, kisha zamu ya mwingine, na foleni yake ni ndefu ajabu. Safari hii aliikata ghuba nzima ya ziwa vipande mia mbili, kama anayekata sabuni ya mche, kila kipande kikae katika mashine pepe yake na kibadilishane maji na jirani zake. Hesabu ikimalizika, angekuwa na kitu cha kuwapelekea wale akina mama kabla ya upepo. Isipomalizika, angebaki yule aliyewaambia wangoje.

Siku ya kwanza, Jumanne, tuliziamsha mashine asubuhi kutoka chumbani kwangu. Skrini ikatulia. Hakuna kosa, hakuna onyo jekundu. Daktari alikuwa amekuja na chupa ya chai na bhajia, tukala kwa raha zetu. Siku ya pili skrini bado imetulia. Siku ya tatu Daktari, mtu mwenye adabu zake, akauliza, "Fundi, kwa kawaida hunyamaza hivi?"

Nikafungua daftari ambamo kila mashine huandika habari zake. Arobaini za kwanza ziko macho. Ya arobaini na moja imekufa, kwa sababu feni ya kompyuta iliyoibeba imekwama huko Nairobi. Na kuanzia arobaini na mbili hadi mia mbili, zote zimekaa kimya zikimngoja kaka yao. Hazikulalamika, hazikuandika kosa popote. Zilikuwa zinaonyesha heshima.

Hapa lazima niseme nilikotoka. Mimi ni mtoto wa tatu wa kiume wa boma moja huko Nyakach, si mbali na Katito. Kwetu mtoto wa kwanza hujenga kwanza, wa pili humfuata, wa tatu hungoja zamu. Mdogo akimruka mkubwa, watu huogopa chira, yaani balaa inayomwandama aliyevunja mwiko. Kaka yangu wa kwanza alijenga zamani. Wa pili yuko Ghuba, huko Uarabuni, mwaka wa sita sasa, anaendesha kreni, anajenga maghorofa ya wenyewe, na nyumbani hajasimamisha hata choo. Kwa hiyo mimi, mtu mwenye mvi tatu za kidevu, sikuwa na mlango wangu katika boma la baba yangu. Nilikuwa nikienda mchana, nakula kwa mama, na kwa kuwa mtu mzima halali kwa mama yake, kabla jua halijashuka narudi mjini kama mgeni.

Basi nilipoketi kuandika namna ya kuamsha mashine, mkono ulijiandikia wenyewe. Namba mbili isiamke mpaka namba moja iseme iko macho. Namba tatu imngoje namba mbili. Sikufikiri. Miezi michache baadaye yule bwana wa nchi ya baridi aliniuliza kwa upole, mbele ya watu wote wanaofuatilia programu yetu: kwa nini mashine hizi zingojane? Nikakasirika. Nilimjibu aya tatu ndefu kwamba kila kitu chenye mpango kina mkubwa na mdogo, na kwamba mtu asiyeliona hilo sijui amelelewa wapi. Akajibu neno moja, "Sawa," akaupokea msimbo wangu. Ile barua bado iko hadharani, na kila nikiisoma masikio yananiwaka moto.

Chumbani kwangu nilikuwa nimeijaribu kwa mashine nne tu, na kati ya nne hakuna iliyokufa. Kati ya mia mbili, daima kuna moja inayoumwa. Siku ile ya tatu nilimwamsha arobaini na moja kwingine, tukaanza upya, akaanguka wa tisini na sita. Ijumaa nikaifuta foleni yote kwa hasira, ziamke zinavyotaka. Ziliamka kwa fujo, na kipande cha arobaini na mbili kilipogeuka kuomba maji kwa arobaini na moja, hakukuwa na mtu. Hesabu ikaporomoka. Daktari akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu, kwamba ziwa haliwezi kuwa na shimo katikati. Kila namba lazima iwe na mwenyewe.

Siku zile sikuwa mtu wa kukaa naye. Nilimfokea fundi wa mageti kwa kosa la kupiga mluzi. Jumamosi, siku ya tano, baba mdogo alinipigia simu kutoka nyumbani, ndugu mdogo wa marehemu baba yangu na ndiye msemaji wa boma sasa. Alisema nifike kesho yake asubuhi, suala la nyumba linamalizwa. Nikamwambia nina kazi. Daktari, aliyekuwa amesikia yote kwa sababu baba mdogo huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya mto, akachukua mkoba wangu akaniwekea mkononi.

"Nenda kwenu," akasema. "Ukikaa hapa na uso huo, hata hizo zilizoamka zitarudi kulala."

Jumapili nikaenda, nimenuna. Nilikuta baba mdogo amechora mraba mdogo ardhini kwa jembe, na pembeni kuna miti minne, mabati ya zamani na mlango mmoja uliotolewa kwenye banda la kuku. Tuliongea Kijaluo, lakini nayaweka maneno hapa kwa Kiswahili kama kinavyotoka midomoni mwetu.

"Tumengoja ya kutosha," baba mdogo akasema. "Huyu ndugu yako tunamjengea kitu kidogo hapa kwa pahali yake. Sasa wewe utaweza kujenga nyuma yake, na hakuna mtu ataongea."

Sijui kama kila ukoo hukubali njia hiyo. Wa kwetu walikuwa wamekaa wakakubaliana. Nikapewa sepeto nichimbe mashimo, na mama akamshika kaka yangu mkononi, yaani simu, kwa sababu alikuwa kwenye video akifuata kila pigo kutoka Ghuba, kofia ya kazi kichwani.

"Dirisha iangalie barabara," kaka akasema.

"Hii nyumba haina dirisha," akajibu baba mdogo.

"Sasa nitaona aje watu wakipita?"

"Wewe uko Ghuba. Utaona watu gani?"

Mama alicheka mpaka simu ikatikisika, na kaka akalalamika kwamba anaona mawingu tu. Saa chache baadaye kibanda kilisimama. Mtu angeingia kwa kuinama na asingeweza kunyoosha miguu. Mama akaingiza kigoda, juu ya kigoda akamweka kaka. Baba mdogo akafunga mlango, akarudi nyuma hatua tatu, akaita kwa sauti ya mkutano wa chifu.

"Mtoto wa pili ya hii boma, uko?"

"Niko," simu ikajibu kutoka ndani.

"Ndugu yako mdogo anataka kujenga."

"Ajenge tu, baba."

Baba mdogo akanigeukia. "Umesikia. Huyu akirudi, hii kitu tunabomoa, anajenga yake ya ukweli hapo hapo. Saa hii inatosha mtu anaitika."

Nilikuwa bado nimeshika sepeto. Niliyasikia maneno hayo mara mbili, mara ya kwanza kama mtoto wa boma na mara ya pili kama mwandishi wa programu, na mara ya pili nikaketi chini. Nikamwomba mama kalamu, nikararua kipande cha mfuko wa saruji.

"Unaandika nini na watu wako kwa kazi?" mama akauliza.

"Nimepata dawa ya kompyuta, mama."

"Kwa nyumba ya ndugu yako?"

"Ndiyo."

"Basi umwambie asante. Bado ako kwa simu."

Nikainama mlangoni nikamshukuru kaka yangu. Alisema kama kweli amenisaidia, nimwekee dirisha. Nilimwekea, dogo la kutosha mkono mmoja, na linaangalia barabara.

Jumatatu, siku ya saba, nilianza kuandika asubuhi na mapema na kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimemaliza. Mashine ikifa, programu inasimamisha nyingine nyepesi mahali pake, yenye namba ileile. Haifanyi hesabu yoyote. Ikiitwa inaitika "niko," na jirani zake wakileta maji inayapokea na kuyatunza. Wakati huohuo mwenyewe anaamshwa kwenye kompyuta nyingine yenye afya. Akifika, anakabidhiwa namba yake na maji yake, na kile cha muda kinabomolewa. Katika msimbo nilikiita kibanda. Nilitafuta neno lingine la kuwafaa watu wa nje, nikakosa, nikaliacha.

Nilimtumia yule bwana wa nchi ya baridi msimbo huo na barua ya mistari minne tu. Nilimwambia kwamba swali lake la mwanzo lilikuwa la haki, na majibu yangu yalikuwa ya mtu aliyeudhika bila sababu. Baada ya saa mbili akarudisha jibu: ameua mashine kumi kwa makusudi, zote zimepata vibanda, ameupokea msimbo. Kisha akauliza wazo nimelitoa wapi. Nikamweleza habari za baba mdogo na banda la kuku. Akasema kama ni hivyo, mzee huyo amechangia programu, na kila aliyechangia huwekwa kwenye orodha. Baba mdogo yumo hadi leo. Kwa kuwa hana barua pepe, penye anwani tuliandika kwamba anapatikana Katito siku ya soko.

Jumanne, siku ya nane, tukaanza upya. Hesabu yenyewe ilihitaji siku mbili kamili na saa kadhaa, na Daktari alikuwa amekokotoa kwamba itafika ukingoni. Mashine tatu zilikufa njiani. Kila moja ilipokufa tulisogea kwenye skrini, tukaona kibanda kimesimama, kimeitika, kimebomolewa, na ziwa likaendelea kutiririka ndani ya kompyuta kama vile hakuna aliyeondoka. Fundi wa mageti alipanda kuona tunachekelea nini. Hakuona kitu ila namba, lakini alituletea chai, na nikamwomba msamaha kuhusu mluzi. Alhamisi saa kumi jioni, siku ya kumi, hesabu ikaisha. Daktari alifunika uso kwa ncha ya mtandio wake, halafu akaniuliza kama bhajia zimebaki.

Ijumaa aliniomba nimsindikize ufukweni nimbebee kompyuta. Kompyuta yenyewe ina uzito wa mkate. Nilijua anaogopa, nikaibeba kwa heshima zote.

Akina mama walikuwa wanashona nyavu. Walitusalimu vizuri, lakini hakuna aliyesimama kutuletea viti. Daktari akaongea amesimama. Aliwaonyesha ramani ya ghuba, akawaonyesha lile eneo jekundu linavyotoka chini na kusogea kuelekea kwao, akawatajia wiki litakapofika.

Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliendelea kushona. "Mwaka jana ulituambia tungoje," akasema.

"Niliwaambia."

"Sasa unasema tuvune, na samaki bado ni kadogo."

"Nasema mvune kabla ya wiki hiyo. Hesabu ya mwaka jana ilikuwa ndogo, hii ni kubwa. Hata hivyo naweza kukosea tena, mama. Sitawaficha."

Mwenyekiti aliukata uzi kwa meno. "Sawa, tutaongea kama kikundi," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Zikapita wiki mbili na nusu. Hakuna aliyempigia simu, naye hakutaka kuwapigia, alisema asingevumilia kusikia wameamua kungoja. Wiki yenyewe ilipofika, upepo uligeuka siku ya Jumatano. Alhamisi harufu ya maji yaliyooza ilifika hadi Mamboleo, au labda nilijidanganya, maana Mamboleo ni mbali. Nilishika simu mara kadhaa nimpigie Daktari, nikairudisha mfukoni. Tulikuwa waoga wawili, kila mmoja na simu yake.

Ijumaa asubuhi nilikuwa dukani chini nanunua misumari ya nyumba yangu ya Nyakach alipopiga yeye.

"Walivuna," akasema. "Vizimba vyote, wiki nzima kabla. Maji yamepanda, samaki wa nje wamejaa ufukweni wamekufa, na nyavu zao zilikuwa tupu. Mwenyekiti amenipigia sasa hivi."

Nikamwambia alhamdulillahi, mimi Mkatoliki mzima, na mwenye duka akanitazama.

"Hujasikia bado," akasema. "Ananiuliza vifaranga wapya wa samaki wawatie majini lini."

"Daktari, zile siku kumi ziliisha. Hatuna mashine."

"Najua, fundi. Nitapanga foleni tena, na wewe utakuja na vibanda vyako." Sauti yake ilikatika, ikarudi, na sikuweza kujua kama anacheka au analia. "Nilitaka tu mtu ajue kwamba ameniuliza mimi."